Kishikwambi Kina Mdomo

Mimi nafundisha darasa la pili, na nafundisha vizuri. Nasema hivyo mapema ili tusisumbuane baadaye. Wapo walimu wanaoona haya kujisifu. Mimi ile haya niliiacha chuoni. Nimewafundisha kusoma watoto wa wavuvi, watoto wa wakulima wa korosho, watoto wa madereva wa malori ya saruji, na watoto ambao kwao maandishi pekee yaliyomo ndani ni yale ya kwenye gunia la sukari. Wamesoma. Wengine sasa wamenizidi kimo, na wakinikuta sokoni Mtwara mjini wananipokea kikapu.

Shule yetu iko upande wa Kilambo, kwenye barabara inayoteremka mtoni. Ng'ambo ni Msumbiji, na ukisimama mbele ya madarasa simu yako inadaka mtandao wa kule na kukukaribisha kwa Kireno. Ukitaka kumpigia mtu wa huku inabidi uzunguke nyuma ya vyoo. Mimi kwetu ni Mikindani. Baba alikuwa mtu wa pwani na mama Mmakua. Nilipopangiwa kazi huku, watu wa mjini walinipa pole nyingi sana. Niliwaambia wazitunze, kuna watakaozihitaji kuliko mimi.

Vishikwambi vilikuja mwanzoni mwa mwaka, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, vimepangwa wima kama sahani kabatini. Sanduku lenyewe ndilo lililovichaji, likivuta umeme kutoka kwenye paneli ya jua waliyoifunga juu ya paa la ofisi. Aliyevileta alikuwa afisa wa mradi kutoka mjini, dada wa rika langu, mtu wa kaskazini, mchapakazi, mkavu kidogo. Alitufundisha vizuri na hakutupotezea muda kwa hotuba. Mwisho akatuambia jambo moja bila kumung'unya maneno.

"Mwezi wa nane nitapita kuangalia maendeleo ya watoto humu ndani. Shule ambayo haionyeshi kwamba watoto wamepanda, nachukua sanduku napeleka kwingine. Kuna shule ya Mtawanya wananipigia simu kila siku."

"Wapigie uwaambie waache," nikamjibu. "Hapa haliondoki."

Mwalimu mkuu wetu akakohoa. Yeye ni Mmakonde wa Newala, mtu mpole, na kila nikifungua mdomo mbele ya wageni hukohoa.

Lakini nilikuwa na sababu ya kuling'ang'ania lile sanduku, na si kwa sababu ya ugeni wa vitu. Mtoto hajifunzi kusoma kwa kuimba na wenzake. Akiimba "ba, be, bi, bo, bu" na wenzake, anachojifunza ni kuimba. Anajifunza kusoma pale mtu mzima anapomsikiliza yeye peke yake, akasikia anapokwama, akamsaidia palepale. Sasa darasa langu limejaa mpaka wengine wanakaa chini ukutani. Nimsikilize nani, nimwache nani? Miaka yote nilikuwa nawasikiliza wachache kwa siku, na wiki ikiisha kuna mtoto ambaye sijamsikia hata sauti.

Kishikwambi kilinitatulia hilo. Mtoto anabonyeza herufi, kinamtamkia. Anabonyeza silabi, kinamtamkia. Kisha anasoma ukurasa wa hadithi fupi na kishikwambi kinarekodi sauti yake. Alasiri watoto wakishaondoka mimi nilikaa ofisini na kishikwambi cha mwalimu, nikawasikiliza mmoja mmoja. Nilisikia kikohozi cha huyu, kitembe cha yule, jogoo anawika nyuma ya mwingine. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi niliwajua wote. Nilifurahi mno, na mume wangu akanuna kwa sababu ya kuchelewa kupata chakula, na hilo nalo halikunipunguzia furaha.

Matatizo yalikuwepo, sikatai. Sisimizi waliingia kwenye sanduku la chaji tukawatoa kwa unyoya wa kuku. Mtoto akishika kishikwambi kwa vidole vilivyotoka kula samaki, kioo kinagoma kumwelewa. Visikilizio vya masikioni havikumaliza hata mwezi. Watoto walivaa wawiliwawili, kila mmoja akivutia kwake, basi vikakatika vyote tukabaki na sauti za wazi. Darasa likawa soko. Halafu yule mwanamke anayesema ndani ya kishikwambi ana lafudhi ya Dar es Salaam, na watoto wakaishika. Ulikuwa unawasikia kisimani wakiambiana, mmoja akimwaga maji, "Umekosea kidogo. Jaribu tena," kwa sauti ileile ya kujidai. Mkuu alicheka mpaka akatoa miwani.

Kitu walichokipenda kuliko vyote kilikuwa jina. Siku ya kuandikishwa, kila mtoto aliingizwa kwa jina lake la kwenye daftari la shule, kisha akatakiwa kulitamka mwenyewe kwa sauti. Tangu hapo kila akibonyeza picha yake ili aanze somo, mwanamke wa ndani anasema "Karibu," na mara inafuata sauti ya mtoto mwenyewe ikilitaja jina lake. Siku ile ya kwanza waliangua vicheko mpaka wengine wakalala sakafuni. Wakawa wanafunga na kufungua, wanafunga na kufungua, wajisikie tu.

Kati yao alikuwepo binti mmoja mwembamba niliyemweka dawati la mbele kwa lazima. Aliishi na bibi yake, wazazi wakiwa kwenye kazi zao ng'ambo ya mto. Binti huyu alikuwa na ujanja ambao mimi naujua: alikariri ukurasa mzima kwa kuwasikia wenzake, kisha akausoma huku ananitazama usoni. Mtoto anayesoma kweli hana nafasi ya kukutazama. Miezi ilikwenda hivyo, nami namrudisha kwenye silabi, ananikata jicho, namrudisha tena. Halafu alasiri moja mwishoni mwa mwezi wa tano nikafungua rekodi yake nikamsikia amesimama katikati ya sentensi. Kimya. Kisha, polepole, "m... mko... mkoba." Kimya tena. Kisha kwa haraka, na mshangao ndani yake, "Mkoba!"

Nilirudia kuisikiliza ile rekodi mpaka mkuu akauliza kama kishikwambi kimekwama. Nikamwambia hakijakwama, ndiyo kwanza kimekwamuka.

Mwezi wa sita shule zikafungwa. Ufuta ukishakatwa na mpunga wa bondeni ukishaingia ndani, huku kwetu ni wakati wa unyago. Watoto waliofikia zamu yao huondoka majumbani wakakaa kando na watu wazima waliopewa kazi hiyo. Yanayofundishwa huko hayasemwi, na mimi sitayasema. Nilipita kwa upande wa mama yangu, nikafunga mdomo, na umefungwa hadi leo. Kinachoonekana na kila mtu ni siku ya kutoka: ngoma, vitenge vipya, miwani ya jua kwa watoto ambao meno ya mbele hayajaota, bodaboda zinapiga honi toka mwanzo wa kijiji hadi mwisho. Na jina. Mtoto anatoka na jina jipya, na lile la zamani linabaki hukohuko. Kumwita mtu jina la utotoni baada ya hapo ni kumtukana, tena tusi la kweli. Nimeshuhudia wanaume wenye wajukuu wakishikana mashati kwa ajili hiyo.

Shuleni tunalijua jambo hili na tuna namna yetu. Daftari la mahudhurio lina majina ya kwenye vyeti vya kuzaliwa, na hayo hayabadiliki. Basi shule zikifunguliwa mwezi wa saba, mwalimu anaita jina jipya kwa mdomo huku kalamu inaweka alama kwenye jina la zamani. Mtoto ameitika, daftari limejaa, serikali imepata hesabu yake, na hakuna aliyetukanwa. Tunafanya hivyo bila hata kufikiri, na inawezekana kwa sababu daftari halina mdomo.

Kishikwambi kina mdomo.

Sikuliona hilo siku ya kwanza. Nilichokiona ni kwamba wale waliotoka unyagoni, karibu nusu ya darasa, walikuwa wanavikalia vishikwambi. Mtoto anabonyeza, kisha haraka anakiweka chini ya paja, anasubiri kidogo, ndipo anakitoa. "Nyie mnaatamia nini?" nikawauliza. Wenzao wakacheka. Wao hawakucheka. Wengine wao hawakubonyeza picha zao kabisa, wakaingia kwa kitufe cha "Mgeni", na mgeni hatunziwi kumbukumbu yoyote. Alasiri nikifungua kusikiliza, nusu ya darasa langu hawapo. Kwa mashine wamekwisha kuhama.

Siku iliyofuata nilipita kati ya madawati, na chini ya paja la mtoto mmoja nikasikia sauti ndogo iliyobanwa ikisema "Karibu," na kisha jina. Jina la utotoni, kwa sauti yake mwenyewe. Aliona kwamba nimesikia, akainamisha uso. Nilisimama palepale nikajiambia, haya, kazi ipo.

Nilijaribu kupunguza sauti. Lakini somo lenyewe ni la kusikia. Ukizima sauti umezima mwalimu. Nilitafuta mahali pa kubadilisha jina, na hapakuwepo. Kishikwambi cha mwalimu kiliniruhusu kumwongeza mwanafunzi na kumfuta mwanafunzi, basi. Nikiwa bado nazunguka na hilo, jambo likaharibika lenyewe. Mtoto mmoja ambaye zamu yake ya unyago ilikuwa bado, mtundu kupindukia, alikichukua kishikwambi cha yule binti wa dawati la mbele wakati ametoka kunawa mikono. Akasubiri binti aingie mlangoni. Akabonyeza picha yake, sauti juu kabisa.

"Karibu." Kisha sauti ya binti, ile ya mwezi wa pili, nyembamba, yenye furaha, ikalitaja jina lake la zamani mbele ya darasa zima.

Hakuna aliyecheka, hata yule mtundu. Binti alikwenda kwenye dawati lake, akachukua mfuko wake wa madaftari, akatoka. Nilimwita kwa jina lake jipya na hakugeuka. Kesho yake hakuja, na wenzake wote aliokaa nao unyagoni hawakuja. Madawati ya mbele yalikuwa matupu nami nimesimama na chaki yangu. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Jumamosi nikaenda kwa bibi yake. Nilimkuta uani anapepeta ufuta, na binti amekaa mlangoni, akaniamkia akiwa ametazama pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na ile redio yako?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Afadhali." Akaendelea kupepeta. Sikukaribishwa kukaa, nikakaa. "Mwalimu, mama yako wewe Mmakua. Usijifanye hujui."

"Sijifanyi, bibi. Najua."

"Unajua, halafu mtoto wetu wa zamani umemweka kwenye redio, kila siku anaitwa. Yule tumeshaagana naye. Mimi mwenyewe nililia siku ya kuagana naye. Wewe unamrudisha, eti kwa ajili ya kusoma."

"Bibi, mashine ndivyo ilivyotengenezwa."

"Aliyeitengeneza hana kwao?"

Kicheko kilinitoka, na yeye akanikazia macho hadi kikaniishia. Nikamwambia ukweli wote. Kwamba mjukuu wake alikuwa ameanza kusoma, kusoma kabisa, siyo kukariri. Kwamba nikimfuta yule wa zamani, mashine itafuta pamoja naye kila alichokisoma tangu mwaka uanze. Na kwamba kuna dada atakuja mwezi wa nane, na asipoona hizo kumbukumbu atachukua sanduku lote. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Huyu hapa," akasema, akimwonyesha binti kwa kidevu. "Alichokisoma kiko kichwani kwake au kiko kwenye redio?"

"Kichwani kwake."

"Basi mtoe yule. Na nione kwa macho yangu. Usipomtoa, huyu harudi."

Jumatatu nikazunguka nyuma ya vyoo nikampigia afisa. Nilimweleza taratibu, kwa adabu niliyonayo. Aliniacha nimalize.

"Mwalimu, jina la mtoto ni lile la cheti cha kuzaliwa. Lazima lilingane na daftari la shule."

"Dada, sitaki kubadilisha cheti. Nataka mashine inyamaze."

"Mfumo hauruhusu. Tulifunga makusudi, kuna shule walikuwa wanabadilisha majina ili mtoto mmoja anayejua asome kwa niaba ya kumi."

"Na nikiwafuta nikawaandikisha upya?"

"Kumbukumbu zinapotea. Huwezi kuzihamisha popote. Na mimi nikija nitakuta watoto walioanza mwezi wa saba, sina cha kuandika. Nitachukua vifaa, mwalimu. Siyo kwa ubaya."

Alisema kweli, haikuwa kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Angekuwa mshenzi ningemtolea uvivu nikalala vizuri.

Ofisini nilimkuta mkuu anakunywa chai. Nilipomwambia ninachotaka kufanya, akaweka andazi chini.

"Mwalimu, utatuponza. Subiri hata apite. Watoto watazoea, ni mashine tu."

"Watoto gani watazoea? Hawapo."

"Ongea na wazazi. Waelimishe."

Hapo nilipandwa. Nikafunga mlango wa ofisi, maana walimu wengine walikuwa barazani. "Mkuu, pale Newala ulipotoka unyagoni uliacha jina. Silijui, na nisingependa kulijua. Lakini chukulia nalijua. Chukulia kila asubuhi kwenye paredi, kabla hujasema neno, nakuita kwa hilo, mbele ya wanafunzi na wazazi. Utazoea?"

Akaitazama chai yake muda mrefu, na uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sijawahi kuiona, nikajuta kidogo kumfikisha hapo.

"Futa," akasema. "Akija nitasema niliruhusu mimi."

Alasiri hiyo nilikaa nikasikiliza rekodi zote za wale watoto kwa mara ya mwisho, tangu mwezi wa pili, a, e, i, o, u, hadi hadithi zao za mwisho kabla ya likizo. Nilimsikiliza na yule wa "mkoba". Nililia, nasema kweli. Nilikuwa nalilia kazi yangu nzuri inayokwenda kufutika kwa kidole changu mwenyewe, na sikuwa na uhakika kama nitapata tena sanduku la kuifanyia.

Kesho yake bibi, niliyempelekea habari, alikuja na akina bibi wenzake, wamejifunga kanga zao za kutokea, na watoto mbele yao. Tukaingia darasani. Nilikiweka kishikwambi cha mwalimu mezani, nikaamua kwamba sitafuta mimi. Kila mtoto atamfuta wake. Nikaanza na binti. Nikafungua ukurasa wake, sauti nimeizima, nikabonyeza "Futa". Kioo kikatoa swali na vitufe viwili chini yake. Sikumwambia kimeandikwa nini. Wala sikukusudia kumpima, nilidhani tu nitamwonyesha pa kubonyeza.

Aliinama juu ya kioo. Nikaona midomo inacheza.

"Je... u-na... una u-ha... uha-ki-ka..." Akasimama, akarudi nyuma. "Una uhakika... una-ta-ka... unataka ku-m-fu-ta... kumfuta mwa... mwanafunzi huyu?"

Hakuwa ananitazama mimi. Macho yake yote yalikuwa kwenye kioo. Akasoma kitufe cha kwanza, "Hapana," akakiacha. Akasoma cha pili, "Ndiyo," akakibonyeza.

"Ameambiwa na redio?" bibi akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Redio nimeizima, bibi. Amesoma."

Bibi alivuta upande wa kanga akajifuta uso wote, polepole, kisha akaenda kukaa kwenye dawati la nyuma na akakaa hapo mpaka mtoto wa mwisho alipomaliza. Siku ileile wote wakajiandikisha upya. Kila mmoja akatamka jina lake jipya kwa sauti nzito kuliko umri wake, na mashine ikawakaribisha kwa hilo.

Iliwabidi waanze tena na a, e, i, o, u. Walizipita herufi mbio, wakiona ni dharau. Mwanamke wa ndani akiwaambia "Hongera sana" kwa kutambua "ba", wanamjibu "tunajua, mama". Binti wangu wa mbele aliruka kurasa hadi nikamshika mkono. Lakini siku zilikuwa chache. Mwezi wa nane ulipofika, kwa hesabu za mashine nusu ya darasa langu walikuwa watoto wachanga wa shule.

Afisa alikuja asubuhi na gari la mradi na dereva. Mkuu alimsalimia akasema, kabla hajaulizwa, "Ni mimi niliyeruhusu." Sikutegemea angekumbuka. Afisa alikaa ofisini, akafungua kishikwambi cha mwalimu, akapitia, akapitia tena. Akatikisa kichwa.

"Nilikuambia, mwalimu."

"Uliniambia."

"Hapa naona watoto walioondoka na watoto walioanza juzi wanaosoma hadithi. Nikipeleka hii mjini, wataniambia umebadilisha watoto. Nifanyeje mimi?"

"Wasikilize. Wako hapo mlango wa pili."

"Hadithi za humu wameshazikariri."

"Wape kitu chako."

Alikuwa ameshamwagiza dereva, na sanduku la bati lilikuwa tayari limetolewa barazani, waya wa paneli umechomolewa. Watoto waliliona kupitia dirishani. Walikuwa kimya kwa namna ambayo darasa la pili haliwi kimya kamwe. Afisa aliingia, wakasimama wakamwamkia, akawaambia wakae. Akatafuta ndani ya mkoba wake, akatoa gazeti alilonunua mjini asubuhi ile, akalikunja mara mbili pakabaki habari moja tu.

"Nani atanisomea?"

Waliotoka unyagoni hawanyooshi vidole ovyo, wamefundishwa utulivu. Binti wa mbele alisimama tu. Afisa akampa gazeti. Habari ilihusu wakulima wa ufuta na wanunuzi, maneno marefu, maandishi madogo. Alianza vibaya. Alikwama kwenye "wanunuzi", akarudi, akalivunja, akalipata. Aliposoma "kilo" alisoma kwa kujiamini, mtoto wa watu wa ufuta. Alipofika kwenye nukta alipumzika, kama nilivyomfundisha. Afisa alikuwa anafuata kwa kidole juu ya bega lake, neno kwa neno, na mahali fulani katikati kidole kikasimama, akawa anasikiliza tu.

Alipomaliza, afisa akachukua kalamu.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

Binti akamtajia jina lake. Afisa akatafuta kwenye karatasi zake za mwezi wa pili, juu hadi chini, hakuliona.

"Na zamani ulikuwa unaitwa nani?"

Hata waliokaa sakafuni waliinua vichwa. Mkuu, aliyekuwa mlangoni, akatazama chini. Nilifungua mdomo niingilie kati, lakini binti alinitangulia. Alikuwa bado ameshika gazeti, na hakuonekana kuudhika. Alimjibu afisa taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Yule alikuwa hajui kusoma."

Afisa akafunika kalamu, akaenda hadi dirishani, na kumwambia dereva alirudishe sanduku ofisini.